Mapango ya Amboni

Mapango ya Amboni ni mapango ya mawe ya chokaa yaliyopo katika bonde jembamba la mto Mkulumuzi, takriban kilomita 8 kaskazini mwa jiji la Tanga, Tanzania. Miamba ya kingo za bonde hilo imefunikwa na msitu. Mapango yako kumi, lakini ni moja tu linalotumika kwa ziara za wageni.

Jiolojia

Mawe ya Amboni yalitokea chini ya bahari katika kipindi cha Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Maji ya mvua yanayopita udongoni huchukua dioksidi ya kaboni na kuwa na asidi kidogo, ambayo huyeyusha chokaa. Hivyo nyufa za mwamba zilipanuka polepole hadi kuwa vyumba na njia za chini ya ardhi. Matone ya maji huacha chokaa kidogokidogo: ile inayoning'inia darini huitwa stalaktiti, na inayoinuka kutoka sakafuni huitwa stalagmiti.

Mandhari ya Mwanza, ufukoni mwa Ziwa Viktoria, ni tofauti kwa sababu miamba yake ni ya matale. Matale hayayeyuki kama chokaa. Hubaki kama mawe makubwa yaliyorundikana, mfano Mwamba wa Bismarck.

Historia na imani

Wenyeji huamini kwamba mapango ni makazi ya mizimu, na hadi leo wako wanaokwenda kuomba na kuacha sadaka. Inasimuliwa kwamba Osale Otango, aliyesakwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950, alijificha humo. Wengine husema njia za chini hufika Mombasa, lakini upimaji wa mwaka 1994 ulionyesha kuwa pango kubwa zaidi lina urefu wa mita 900 hivi.

Ziara na hifadhi

Wageni huingia pamoja na mwongozaji. Ndani ni giza na penye popo wengi, na sehemu nyingine hupitika kwa kuinama tu. Hivyo tochi na viatu visivyoteleza vinahitajika. Haifai kushika stalaktiti, kwa kuwa mafuta ya ngozi huzuia chokaa mpya kushikamana. Kipande kinachovunjwa kwa dakika moja huenda kilichukua maelfu ya miaka kukua.