Kura ya Jahazini na Kura ya Sandukuni

Neno kura ni kongwe kuliko sanduku la kura. Tumelipata kutoka Kiarabu, qur'a, na maana yake ya asili haikuwa kuchagua. Ilikuwa kubahatisha kwa vijiti, mawe au kalamu, ili jambo lililowashinda wanadamu liamuliwe na Mwenyezi Mungu. Kila aliyepita chuoni anakijua kisa cha Nabii Yunus: jahazi lilipolemewa, abiria walipiga kura kumjua wa kutoswa baharini, ikamwangukia yeye. Anakijua pia kisa cha Bibi Maryamu, ambapo kalamu zilitupwa ili ajulikane wa kumlea, akapewa Nabii Zakaria. Katika kura hizo mtu alinyamaza, akamwachia Mola wake hukumu.

Sandukuni mambo yamegeuka, kwani hapo mtu ndiye anayesema. Je, katika kusema kwake imebaki ibada yoyote?

Historia ya Uislamu iliijua njia nyingine, ya shura na bai'a. Mwaka 644, Khalifa Umar akiwa amejeruhiwa, aliwaachia masahaba sita wamteue mmoja wao. Abdulrahman bin Auf akajitoa katika kinyang'anyiro, akazunguka Madina akiwauliza watu rai zao, hata Uthman akapewa mkono wa utii. Rai ilisemwa wazi, na mkono ukatolewa mbele ya macho ya watu.

Kura ya siri ilikuja baadaye sana. Victoria, katika Australia, iliiwekea sheria mwaka 1856, na Uingereza mwaka 1872. Shabaha yake ilikuwa ya kidunia: mpangaji asimwogope mwenye nyumba, wala kibarua asimwogope tajiri wake. Lakini pazia lile lilizaa jambo ambalo watunga sheria hawakulikusudia, nalo ni faragha ya mja na dhamiri yake. Ndipo mwanachuoni kama Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, aliyefariki mwaka 1976, akaieleza kura kuwa ni ushahidi: mpigaji anashuhudia kwamba fulani anaistahiki amana ile. Na shahidi, kwa mujibu wa dini, hanunuliwi, hampendelei jamaa yake, wala hafichi alijualo.

Visiwa vyetu vilionja kura hiyo Julai 1957, pale nafasi sita za Baraza la Kutunga Sheria zilipogombewa, na walioruhusiwa kupiga kura ni wanaume tu waliotimiza masharti. Wengi wa wapiga kura walielekea kibla kimoja. Hata hivyo, baada ya uchaguzi ule watu walisusiana maduka, wakasusiana misikiti, na wako ambao hawakuzikana. Januari 1961 Afro-Shirazi ilipata viti 10, Hizbu 9, na ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja tu. Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huo huo, na ghasia zake zikaondoka na roho za watu 68. Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata kiasi cha asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. Mapinduzi yakafuata Januari 1964, na uchaguzi wa vyama vingi haukurudi hadi mwaka 1995.

Sababu za msiba ule ni nyingi: ardhi, asili za watu, mgawanyo wa majimbo, mkono wa mkoloni. Mimi naongeza moja iliyojificha ndani ya lugha. Shahada ina maana mbili. Iko shahada ya imani, inayomtenga muumini na asiyeamini. Na iko shahada ya mbele ya kadhi, ambayo ni kusema ulilolijua. Kura ni ya aina ya pili. Mashahidi wawili wakitofautiana mbele ya kadhi, hakuna anayetolewa katika dini. Kila mmoja amesema alivyoona, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Sisi tuliichukua kura tukaifanya shahada ya kwanza. Jirani aliyeshuhudia kinyume chetu tukamwona ametoka katika umma, na jeneza lake likakosa wachukuzi.

Mtu ana haki ya kuingia na imani yake katika kile chumba cha pazia. Simwoni mcha Mungu wa kweli anayeweza kuiacha mlangoni. Lakini imani hiyo hiyo inamwambia kwamba na yule aliyesimama nyuma yake katika foleni ana Mola anayeujua moyo wake. Kura moja ya Chake Chake haikuandikwa jina. Ilikuwa ushahidi wa mtu mmoja, baina yake na Mungu, na hapakuwa na mwanadamu aliyepewa idhini ya kumhukumu.