Mwenyeji wa kati

Mfugaji wa tilapia wa kandokando ya Bunia akipasua samaki na kukuta vifuko vya manjano ndani ya minofu, wa kwanza kulaumiwa ni aliyemuuzia vifaranga. Afadhali angechungulia majani ya ukingoni mwa bwawa, aone konokono walioganda pale.

Ndani ya kila kifuko mna lava wa mnyoo bapa aitwaye Clinostomum. Mnyoo aliyekomaa hukaa kinywani na kooni mwa ndege mla samaki, kama korongo. Ndege akichovya mdomo, mayai humwagika majini. Lava akianguliwa humwingia konokono na kuzaliana humo. Wazao wake hutoka wakaogelea mpaka kwa samaki, wakajifungia mwilini mwake, wakingoja ndege ammeze. Kwa hiyo konokono ni mwenyeji wa kati wa kwanza, samaki wa pili, na ndege ni mwenyeji wa mwisho.

Wapo wanaopenda kumwita konokono mbebaji. Silikubali jina hilo: mbebaji hufikisha alichopewa, ilhali konokono hupokea lava mmoja akatoa maelfu. Mwenyeji ni sahihi zaidi, ingawa ukarimu haumo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa mgeni ndiye anayemshikisha mwenyeji jembe, kwani konokono aliyeingiliwa mara nyingi huacha kutaga, nguvu zake zikaishia kulea minyoo.

Kasenyi na Tchomia, kwenye Ziwa Albert, konokono wa jenasi Biomphalaria humpokea mnyoo mwingine, Schistosoma mansoni wa kichocho cha tumbo. Huyu hana haja ya samaki. Hupenya ngozi ya mtu anayevuta wavu au kufua nguo, na mayai hurudi ziwani kwa kinyesi. Mwenyeji wa mwisho ni mvuvi mwenyewe. Dawa ya prazikwanteli itamtibu, lakini konokono anabaki palepale.

Bwawani kazi ya kumwondoa konokono ni nyepesi kidogo: kufyeka majani, kukausha bwawa baada ya kuvua, kumwaga chokaa. Wengine walitegemea furu mla konokono wa Ziwa Viktoria, Astatoreochromis alluaudi, mwenye mataya ya kooni ya kuponda magamba. Tatizo ni kwamba akilelewa kwa chakula laini, mataya hayo hukua dhaifu. Ukimtupia pumba kila asubuhi, usitarajie ahangaike na magamba.