Filamu Huhukumiwa kwa Kinywa: Historia ya Maoni ya Watazamaji kutoka Vugiri hadi Kibagabaga

Kibagabaga ni mtaa wa kaskazini-mashariki mwa jiji la Kigali, katika sekta ya Kimironko, wilaya ya Gasabo, na kwa wakazi wengi wa jiji hilo jina lake huleta kwanza picha ya hospitali ya wilaya wala si ya ukumbi wa sinema. Vitabu vya historia ya filamu havijautaja, na si ajabu, kwa kuwa vitabu hivyo vimezoea kuwafuata watengenezaji wa filamu na kuwaacha watazamaji wake nyuma. Lakini anayetaka kujua jinsi watu wa Afrika Mashariki walivyozoea kuambiana ni filamu ipi inafaa na ipi ni ya kupoteza muda, hana budi kuanzia kwenye mitaa ya namna hii, ambako hukumu ya filamu imekuwa ikitolewa kwa kinywa na, mara nyingi, filamu yenyewe ikiwa bado inaendelea. Mtu aliyekabidhiwa kazi ya kuitoa hukumu hiyo, yaani msimulizi anayekaa kati ya picha na watazamaji, amehesabiwa kwa muda mrefu kuwa mfasiri tu, tena mfasiri asiye mwaminifu. Ukweli ni kwamba yeye ndiye mhakiki wa kwanza wa filamu katika eneo hili, na anastahili kusomwa hivyo.

Utaratibu wa kuipima filamu kwa nyota, ambao sasa umeenea duniani kote, una asili inayojulikana. Mwaka 1928 mwandishi Irene Thirer wa gazeti la Daily News la New York alianza kuzipa filamu nyota kulingana na ubora wake, ili msomaji mwenye haraka ajue kwa kutupa jicho kama aende au asiende. Utaratibu huo ulihitaji mambo matatu: gazeti la kila siku, msomaji mwenye uwezo wa kulinunua, na filamu inayozungumza lugha ya msomaji huyo. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ya wakati huo hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa la kawaida, na hasa hilo la tatu, kwani filamu ilifika ikiwa na lugha ya watu wengine, na kabla ya mtu kusema kama ni nzuri au mbaya ilibidi kwanza aambiwe inasema nini.

Ushahidi wa mapema wa jambo hili unapatikana Vugiri, katika milima ya Usambara huko Tanganyika, ambako kati ya mwaka 1935 na 1937 Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha jaribio la filamu za elimu kwa Waafrika. Walitengeneza filamu fupi 35 kuhusu kilimo, afya, uwekaji wa akiba na mambo mengine ambayo serikali ya kikoloni iliyaona ni ya manufaa, wakazisafirisha kwa lori lenye jenereta na skrini kupitia Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Maelezo yalitolewa katika lugha za wenyeji kupitia vipaza sauti, na waendeshaji waliandika walichokiona kwa watazamaji: wapi walicheka, wapi walinyamaza, kipi kiliwachosha. Taarifa yao, iliyochapishwa London mwaka 1937, iliandikwa kwa jicho la bwana anayempima mwanafunzi, lakini msomaji wa leo anaweza kuisoma kinyumenyume na kuona humo kumbukumbu za watu waliokuwa wakitoa maoni yao waziwazi. Maana aliyecheka mahali ambapo mtengenezaji alikusudia fundisho zito alikuwa amekwisha kutoa alama zake.

Ruanda-Urundi ilikuwa chini ya Ubelgiji na iliunganishwa kiutawala na Kongo mwaka 1925, kwa hiyo sinema yake ilifuata njia ya Kongo, ambako kazi hiyo ilishikwa zaidi na wamisionari Wakatoliki. Padri Albert Van Haelst alitengeneza huko Kasai, katika miaka ya 1950, mfululizo wa vichekesho vya Matamata na Pilipili, na filamu za aina hiyo zilizungushwa kwa magari na kuoneshwa hadharani usiku, pembeni akiwapo mtoa maelezo aliyesema kwa lugha ya mahali. Utawala uliamua ni filamu zipi Mwafrika aruhusiwe kuziona, na hivyo hukumu kuhusu filamu ilikuwa imetolewa ofisini kabla ya lori kuondoka. Hata hivyo mtoa maelezo alikuwa na nafasi ambayo hakuna ofisa angeweza kuidhibiti yote, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyesikika.

Pwani mambo yalikuwa tofauti, na tofauti hiyo inasaidia kuelewa yaliyofuata bara. Zanzibar ilikuwa na jumba la kudumu la sinema, Royal, lililofunguliwa na Hassanali Adamjee Jariwalla mwaka 1921, na katika miongo iliyofuata miji ya Tanganyika na visiwani ilipata majumba mengi. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameonesha jinsi filamu za Kihindi, hususan Awara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, zilivyozungumzwa barazani, sokoni na majumbani kwa muda mrefu baada ya kuoneshwa, watu wakibishana kuhusu mapenzi, wajibu kwa wazazi na haki ya maskini. Wengi wa wabishi hao hawakujua Kihindi. Walimtegemea jirani aliyejua kidogo, au aliyeiona filamu mara tatu, awaelekeze. Na maelekezo hayo hayakutenganishwa kamwe na maoni, kwani aliyesema binti amefanya nini alisema papo hapo kama alifanya vyema au vibaya.

Mikanda ya video na deki, zilipoenea katika miaka ya 1980 na 1990, zilihamisha sinema kutoka kwenye jumba hadi kwenye kibanda, na kibanda kikamzaa msimulizi wa kulipwa. Nchini Uganda aliitwa vije, jina lililotokana na herufi V na J. Tanzania, Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alifasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili mbele ya watazamaji, kisha sauti yake ikarekodiwa na kuuzwa katika mikanda. Vibanda hivyo, ambavyo Watanzania waliviita vibanda umiza kutokana na mabenchi na msongamano wake, vilikuwa na lugha yao ya uhakiki: steringi ni shujaa, adui ni adui, na filamu ambayo steringi anakufa kabla ya mwisho ilihesabiwa kuwa imevunja ahadi. Hiyo nayo ni kanuni ya sanaa, ingawa haikuandikwa.

Nchini Rwanda televisheni ya taifa ilianza mwishoni mwa mwaka 1992, na baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 nchi ilipokea maelfu kwa maelfu ya watu waliorejea kutoka Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania, kila kundi na lugha zake na mazoea yake ya kutazama. Kigali ikapanuka, na maeneo kama Kibagabaga, Gacuriro na Nyarutarama yakajaa nyumba mpya. Katika mazingira hayo ilistawi filamu inayoitwa agasobanuye, yaani filamu iliyoelezwa, na mtu anayeieleza akaitwa umusobanuzi, kutokana na kitenzi cha Kinyarwanda cha kueleza. Filamu zilitoka Marekani, India, China na baadaye Korea. Sauti yake hupunguzwa, na mtu mmoja husema badala ya wahusika wote, wanaume kwa wanawake, huku akiongeza ya kwake. Aliyejulikana kuliko wote ni Nkusi Thomas, maarufu kwa jina la Yanga, na baada yake wakafuata wengine kama Junior Giti, ambaye ni mdogo wake, na Rocky Kimomo.

Kazi ya umusobanuzi inahitaji kutazamwa kwa karibu, kwa sababu humo ndimo hukumu ilimo. Mazungumzo yakiwa marefu na hayana uzito, huyafupisha kwa sentensi moja, na kwa kufanya hivyo amesema kwamba mwandishi wa filamu alirefusha bure. Mhusika akifanya upumbavu, humkemea kabla mtazamaji hajafungua mdomo. Humpa jambazi jina la kienyeji, hulinganisha jumba la tajiri na mtaa unaojulikana Kigali, na pigano zuri linapokaribia huwaonya watazamaji wakae sawa. Wanaolalamika kwamba huyu hafasiri kwa uaminifu wana haki kwa kipimo cha ufasiri, lakini kipimo hicho hakimtoshi, kwani watu hawakumlipa asome maneno. Walimlipa atazame pamoja nao akiwa ametangulia kuona. Ni kweli pia kwamba sehemu kubwa ya biashara hii imekwenda bila idhini ya wenye filamu, ilhali Rwanda ilipitisha sheria ya hakimiliki mwaka 2009, na dosari hiyo haipaswi kufichwa na yeyote anayeitetea sanaa yenyewe.

Matokeo yake yanaonekana dukani, katika vile vyumba vidogo vya mitaa ya Kigali vyenye kompyuta moja na waya kadhaa, ambako mteja huleta flashi au simu ajaziwe filamu. Jina la faili hubeba mambo mawili, jina la filamu na jina la aliyeieleza, na mara nyingi hilo la pili ndilo linaloamua. Filamu ambayo umusobanuzi mwenye sifa ameichagua imekwisha kupata alama kabla haijafunguliwa. Ile ambayo hakuna aliyeigusa hubaki bila hukumu, na kwa mtazamaji asiyejua Kiingereza wala Kifaransa ni kama haipo. Mfumo huu hauna nyota wala tarakimu, lakini unafanya kazi ileile aliyoianza Thirer, tena kwa namna iliyo kamili zaidi, kwa sababu mhakiki wa gazeti humwacha mtu mlangoni ilhali umusobanuzi huingia naye ndani.

Kuna aina moja ya filamu, hata hivyo, ambayo Wanyarwanda hawakuhitaji kuelezwa na mtu. Filamu za kigeni kuhusu mwaka 1994 zilipofika, kipimo kilikuwa ukweli. Sometimes in April ya Raoul Peck, iliyopigwa picha nchini Rwanda, ilioneshwa mwaka 2005 katika Uwanja wa Amahoro, Remera, si mbali na Kibagabaga. Shooting Dogs ilipigwa picha katika shule ya ETO ya Kicukiro, mahali penyewe palipotokea mauaji, na manusura walikuwa miongoni mwa wafanyakazi wake. Hotel Rwanda, iliyosifiwa sana nje na kutengenezwa zaidi Afrika Kusini, ilipingwa na manusura wengi waliosema haikuwa kama walivyoyaona. Mwaka huohuo wa 2005 mtengenezaji filamu Eric Kabera alianzisha tamasha la filamu la Rwanda, lililopewa jina la Hillywood kwa heshima ya vilima vya nchi, na skrini kubwa ya kujazwa upepo ikapelekwa vijijini kuonesha filamu kwa Kinyarwanda, jambo lililowapa wanakijiji nafasi ya kuzihukumu filamu za nchi yao bila msimulizi katikati.

Kihistoria, hasara kubwa ya desturi hii ni kwamba haikuhifadhiwa. Yanga alifariki Agosti 2022 nchini Afrika Kusini, na kazi zake zimebaki zimetawanyika kwenye CD zilizokwaruzika, kwenye flashi na kwenye intaneti, kwa sehemu kubwa bila tarehe, jambo linalomzuia mtafiti kujua maoni yapi yalitolewa lini na kwa watu gani. Mfano wa kinyume upo Wakaliga, Kampala, ambako Isaac Nabwana alitengeneza filamu ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, na sauti ya VJ Emmie, akisifu, akicheka na kuwachochea watazamaji, ikawekwa ndani ya nakala iliyosambazwa duniani. Anayeitazama filamu hiyo popote alipo husikia pamoja nayo jinsi kibanda cha Uganda kilivyoipokea.