Utando

Mawingu hutanda, na kitenzi hicho ndicho kilichozaa utando: wa buibui, au ule wa juu ya maziwa yaliyopoa. Viwandani, neno hili linahusu usalama wa watu.

Alumini ya sufuria haiwaki jikoni. Ikisagwa ikawa unga laini, sehemu inayoguswa na hewa huongezeka mno, na unga uliotimka hewani unaweza kulipuka kwa cheche moja.

Kinachoutuliza ni utando. Alumini ikikutana na oksijeni hujivika yenyewe oksidi yenye unene wa nanomita chache tu. Wanaotengeneza unga wa rangi za fedha huongeza mwingine: wakati wa kusaga hutia asidi ya steariki, itokanayo na mafuta ya wanyama au mimea, ikashika chembe na kuzikinga na maji. Alumini na maji hutoa hidrojeni, gesi inayowaka.

“Ganda” lisingetosha hapa, maana ganda humenywa. Utando hushikamana na chembe, na wingi wake, tando, unazifaa tabaka hizi mbili: oksidi chini, mafuta juu. Hata hivyo ghala libaki kavu, na unga huu ukishika moto usizimwe kwa maji.