Sindano badala ya kitabu? Historia ya uzi nyumbani kwetu

Ndugu zangu wasomi, wahitimu na nyinyi mungali kwenye masomo, leo ninaleta swali dogo. Kwa nini kwetu, mutu akiona sindano mbili na donge la uzi mikononi mwa mwenzake, anafikiria palepale kwamba huyo hakusoma?

Mimi ni mhitimu wa historia, mwanaume, ninaishi Bukavu, na jioni ninafuma. Ninafuma kofia, triko za watoto wachanga, siku nyingine shali. Rafiki akinikuta, maneno hayabadiliki: "Weye mwenye diploma, unafuma triko sawa bamama? Ulisomea nini sasa?" Anacheka, na mimi ninacheka naye. Lakini kicheko kinachorudi kila mara kwa maneno yale yale, mwanahistoria lazima akiulize kimetoka wapi. Hiki kina mwanzo wake, na mwanzo huo si wa zamani sana.

Tuanze mbali kidogo. Kule Kasai, katika ufalme wa Wakuba, nguo ilitoka kwenye mti wa mwale, yaani rafia. Majani machanga yanakatwa, yanachanwa kuwa nyuzi nyembamba. Nyuzi hizo hazisokotwi kama pamba. Urefu wa jani ndio urefu wa uzi, njo maana nguo ya rafia inatoka kipande kidogo cha mraba. Mwanaume ndiye alifuma kipande hicho kwenye kitanda cha mfumi. Kisha kipande kilipondwa ili kiwe laini, na mwanamke alikichukua kukitarizi. Anapitisha uzi chini ya nyuzi za nguo, anaukata kwa kisu kidogo, kinabaki kishungi kifupi kilichosimama. Hafungi fundo hata moja. Vishungi maelfu vinakaa pamoja, nguo inakuwa laini kama mahameli. Kipande kimoja kinaweza kula miezi, tena hauna mchoro wa kufuatisha: yote iko kichwani.

Mmisionari William Sheppard, Mmarekani mweusi, alifika kwenye mji mkuu wa Wakuba mwaka 1892. Nguo alizokusanya ziko mpaka leo kwenye makumbusho ya Hampton, kule Marekani. Mchoraji Matisse naye alitundika mahameli za Kasai ukutani mwake. Lakini kwangu mimi shahidi mkubwa ni mwanahisabati Donald Crowe. Mwaka 1971 alitoa uchunguzi wake juu ya mapambo ya Wakuba. Hisabati inasema kuna njia 7 tu za kurudiarudia pambo kwenye ukanda, na 17 tu za kulirudia kwenye uso mzima. Wakuba walikuwa wanatumia zile 7 zote, na 12 katika zile 17. Ninyi mliosoma hisabati mnajua uzito wa jambo hilo. Na sehemu kubwa ya mapambo hayo ilitoka mikononi mwa wanawake ambao hawakuwahi kukaa mbele ya ubao.

Upande wa magharibi, katika ufalme wa Kongo, nguo ya rafia ilikuwa pesa. Iliitwa libongo; Wareno wa Luanda wenyewe waliitumia kulipa, na katika karne ya 17 waliipiga muhuri. Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Pacheco Pereira alikuwa ameshaandika kwamba nguo za Kongo ni nzuri kiasi cha kutozidiwa na zile za Italia. Kwa hiyo mutu aliyejua uzi alikuwa mtu wa thamani. Hakuna aliyemuuliza alisomea nini.

Na zile sindano mbili? Wengi tunaamini zilizaliwa Ulaya, zikafika kwetu kwenye sanduku la masista. Nusu ni kweli. Vipande vya zamani kabisa vinavyojulikana vya kufuma kwa sindano vimetoka Misri, soksi za pamba zenye rangi mbili, za kati ya karne ya 11 na ya 14. Kutoka pande hizo ufundi ulienea Ulaya, na huko katika miji mingi ulikuwa kazi ya vyama vya mafundi wanaume. Kijana alijifunza miaka na miaka kabla ya kuitwa fundi. Mwaka 1589 Mwingereza William Lee alitengeneza mashine ya kufuma soksi. Polepole mashine zilichukua soko, na kufuma kwa mkono kukabaki nyumbani, kwa wanawake na kwa maskini. Yaani hata kule, sindano haikuzaliwa na alama ya mwanamke. Iliwekewa alama hiyo pale pesa ilipohamia kwenye mashine.

Sasa tuingie kwetu. Mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ya Katanga ilibadilisha mpango. Badala ya kuleta wanaume peke yao kwa mkataba mfupi, ilitaka mfanyakazi akae kambini na mke na watoto, ili asirudi kijijini na kazi isisimame. Mke sasa akawa sehemu ya hesabu ya kampuni. Masista walifundisha wake za wafanyakazi kushona, kufuma, kutia viraka, kupika, kuogesha mtoto. Baadaye, katika miji mikubwa ya Kongo na mpaka Usumbura ya wakati ule, zilifunguliwa nyumba zilizoitwa foyer social. Mama anaenda asubuhi, anajifunza sindano, pasi na sufuria. Wafundishaji walikuja mpaka nyumbani kwake kuona kama kitanda kimetandikwa na kama dirisha lina pazia. Kulikuwa hata na mashindano ya nyumba nzuri.

Wakati huohuo kaka na mume wanajifunza nini? Kifaransa, hesabu, karani. Mpango wa masomo wa mwaka 1948 uliwafungulia wavulana mlango wa sekondari ya kweli. Wasichana walipewa hasa shule za kazi za nyumbani, au masomo ya kuwa walimu wa darasa za chini. Wengi wao walisomeshwa kwa lugha za kwetu peke yake, na lugha ya ofisi ilikuwa Kifaransa. Chuo cha Lovanium kilipofunguliwa mwaka 1954, hakuna njia iliyotoka foyer ikaelekea kule. Uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu walikuwa wachache sana, na mwanamke hakuwemo. Sophie Kanza ndiye alifungua njia: alimaliza Lovanium mwaka 1964, na mwaka 1966 akawa waziri wa mambo ya jamii.

Hapo ndipo kicheko cha rafiki yangu kilianzia. Msichana aliwekewa sindano mahali pa kitabu. Watu walizoea kuona kwamba mwenye sindano hana kitabu na mwenye kitabu hashiki sindano. Vizazi vimepita, shule za wasichana zimefunguka, lakini mazoea yale bado yanatembea mitaani. Hata dada zetu wengi waliosoma wanakwepa uzi, wakiogopa kurudishwa mahali mabibi zao walifungiwa. Ninawaelewa. Ila kosa halikuwa la sindano. Lilikuwa la mkono uliochukua kitabu.

Tena bamama wenyewe hawakukaa tu kama walivyopangiwa. Kampuni ilitaka mke mtulivu anayefuma triko ya mtoto wake. Wengi wao walifuma ya mtoto wao, halafu wakafuma nyingine ya kuuza. Bukavu iko karibu mita 1500 juu ya bahari, na usiku baridi inajua kuuma. Lubumbashi mwezi wa sita asubuhi kila mtu anatafuta cha kujifunika. Mtoto akizaliwa, kofia na triko vinahitajika kabla ya kitu kingine. Mama yangu alifundishwa na mama yake, ambaye alijifunza kwa masista. Alikuwa ananunua sweta za mitumba zenye uzi mzuri, anazifumua, anaosha uzi, anaukausha umenyooka, anaanza upya. Pesa ya triko iliingia kwenye likelemba, na zamu yake ya likelemba ikifika, inaenda shuleni. Siku moja jirani alimcheka kwamba amemfundisha mtoto mwanaume kufuma. Alijibu bila kuinua macho: "Ile triko njo inamulipia masomo. Acha aijue."

Lakini nisiseme habari ya pesa peke yake, maana leo kofia kutoka kiwandani ni bei ndogo kuliko uzi wa kofia. Ninafuma kwa sababu ninapenda. Umeme ukikatika, kitabu kinafungwa na simu inazimika, lakini vidole vinajua njia hata gizani. Kufuma kwa sindano ni uzi mmoja tu, kitanzi ndani ya kitanzi. Ukikosea unavuta, kazi inarudi nyuma mpaka pale palipoharibika, na uzi unabaki mzima. Ni vitu vichache katika maisha ya mhitimu anayetafuta kazi vinavyokubali hivyo. Unaandika barua kumi za kuomba kazi, hakuna jibu. Unafuma mistari kumi, mistari kumi iko pale mbele yako. Nyumbani kwetu dada yangu mdogo anapenda kroshe, kwa kulabu moja. Mimi ninashika sindano mbili, na mama anatusikiliza tukibishana juu ya siasa huku yeye akihesabu vitanzi vyake. Hajawahi kupoteza hesabu.

Kwa hiyo ninawaomba mambo mawili. La kwanza ni jepesi: ukitaka kufuma, fuma, uwe mwanaume ao mwanamke, uwe na diploma ao huna. Unashika kitu ambacho Wakuba walikifanya hesabu, Wakongo wakakifanya pesa, na bamama zetu wakakigeuza kuwa viti vyetu vya shuleni.

La pili lina haraka. Msichana aliyekuwa na miaka 15 kwenye foyer mwaka 1955, leo amepita miaka 80. Historia ya migodi na ya reli ina makaratasi mengi, kwa sababu kampuni zilihifadhi hesabu zao. Ya foyer ina ripoti za waliofundisha. Ya waliofundishwa imebaki sana midomoni mwa mabibi. Lubumbashi wametuonyesha njia: kuanzia mwaka 2000, Profesa Dibwe dia Mwembu na wenzake, katika kazi waliyoiita Mémoires de Lubumbashi, walikusanya kumbukumbu za watu wa kawaida wa mji. Sisi wengine tuna simu zinazorekodi sauti, na bibi ndani ya nyumba.

Basi likizo hii, kaa karibu na bibi yako. Muulize alifundishwa na nani, kwa lugha gani, alilipwa ao alilipa, triko ya kwanza aliuza kwa nani na pesa ilifanya nini. Muulize pia alitamani kusoma nini kama angepewa kitabu. Ukiweza, mwombe akuonyeshe namna ya kuanza vitanzi vya kwanza, maana mikono ikishughulika mdomo unafunguka. Andika anayosema kama anavyosema, na tarehe, na mahali. Mwanafunzi anayetafuta kichwa cha kazi yake ya mwisho, hapo nimemwachia kimoja.