Santuri za Babu: Zipi Ni Bora, na Kwa Nini Usizitupe

Msikilizaji wetu mmoja wa Lupepo alitupigia simu akiwa anasafisha nyumba ya marehemu babu yake. Darini alikuta boksi la sahani nyeusi. Gramafoni hakuna, na majalada yameshika ukungu. Akauliza: "Hizi ni za kuchoma, au zina kazi?"

Zina kazi. Tunaeleza hapa.

Aina za santuri

Santuri ina mchirizi mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni hadi katikati. Sindano ikipita humo hutikisika, na mtikisiko huo ndio sauti. Aina hutambulika kwa mizunguko kwa dakika. Za 78 ni za zamani zaidi, na nyingi huvunjika kama kigae. Za 45 ni ndogo, kwa kawaida wimbo mmoja kila upande. Za 33 ni kubwa, dakika 20 hivi kila upande.

Jazz ya kwetu

Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz na Atomic Jazz ya Tanga hazikupiga jazz ya Kimarekani. Zilipiga rumba na dansi. Kwetu "jazz" ilimaanisha bendi ya magitaa, ngoma na tarumbeta.

Nyimbo nyingi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam na kubaki kwenye kanda. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, hivyo sahani nyingi za bendi zetu zilitengenezwa Nairobi, hasa za 45. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: ukinoga, unainuka kugeuza sahani.

Alama zetu kati ya 10

Mbaraka Mwinshehe, mfululizo wa "Ukumbusho": 10. Zilitolewa baada ya yeye kufariki kwa ajali ya gari, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Gitaa lake linazungumza kama mtu wa pili kwenye wimbo.

Salum Abdallah na Cuban Marimba ya Morogoro: 9. Alifariki 1965. Midundo ya Cuba imevaa Kiswahili kikamkaa vizuri. Tumepunguza moja kwa mikwaruzo tu.

Orchestra Makassy, "Agwaya" (1982): 8. Bendi ya Dar es Salaam iliyorekodi Nairobi kwa kampuni ya Virgin ya Uingereza. Fundi mitambo wetu anaipa 10 kwa usafi wa sauti. Tumebishana naye hadi chai ikapoa.

Sunburst, "Ave Africa" (1976): 8. Hii ndiyo rock yetu, gitaa kali juu ya ngoma. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya Uingereza iliitoa upya, miaka 40 baadaye.

Utunzaji

Rungwe mvua ni nyingi, na ukungu ndio adui wa kwanza. Toa sahani darini. Zisimamishe wima kama vitabu, mahali pakavu, mbali na jua na moshi wa jikoni. Ukizilaza moja juu ya nyingine, zitapinda. Futa kwa kitambaa laini kufuata mzunguko, usikate katikati. Spiriti usiipake kwenye za 78, huyeyusha uso wake. Za 78 pia zinahitaji sindano yake. Sindano ya 45 haizifai.

Kabla ya kutupa

Soma karatasi ya katikati: jina la bendi, wimbo na namba. Piga picha kwa simu. Mwulize bibi au mjomba sahani ilinunuliwa wapi, andika.

Alama zetu unaweza kuzikataa. Lakini bendi iliyotoa sahani chache tu, nyingine zikavunjika na nyingine zikachomwa, huenda sauti yake imebaki kwenye boksi kama hilo. Ikichomwa hiyo, hakuna redio itakayoipiga tena.

Kijana wa Lupepo ameahidi kutuletea boksi lake studio. Tutalisikiliza pamoja nanyi.