Saa Moja, Nyakati Mbili

Katika mazungumzo haya twataka kueleza khabari za saa zionyeshazo nyakati za mahali pawili au zaidi kwa mara moja, na za watu wazikusanyao. Huenda msomaji wa Kimandolu, penye miteremko ya Meru upande wa mashariki ya mji wa Arusha, akasema moyoni mwake, "Hayo ni mambo ya matajiri wa Ulaya, yatuhusu nini sisi wa migomba na kahawa?" Yatuhusu sana. Sisi wenyewe twasoma nyakati mbili katika saa moja kila siku, na wazee wetu wa pwani walizijua hesabu hizo mbili kabla mafundi wa Ulaya hawajatengeneza saa za mkono za namna hiyo.

Kwanza na tutazame msingi wa hesabu yetu. Msingi huo ni jua. Jua likichwa ni saa kumi na mbili ya jioni, na kwa desturi ya zamani siku mpya yaanza hapo. Ndiyo sababu wazee husema "usiku wa Ijumaa," na maana yao ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Saa ya kwanza baada ya kuchwa ni saa moja ya usiku, na saa ya kwanza baada ya kucha ni saa moja ya asubuhi. Waarabu walihesabu kutoka magharibi vivyo hivyo, na Waturuki pia. Wahabeshi nao huhesabu saa za mchana kuanzia asubuhi kama sisi.

Lakini hesabu ya jua ina taabu yake katika nchi zilizo mbali na ikweta. Katika mji wa Istanbul, jua la wakati wa joto huchwa karibu muda wa saa tatu baada ya lile la wakati wa baridi. Mwenye saa alikuwa hana budi kuirekebisha kila mara ili ifuate magharibi. Tena Waturuki walifanya biashara na Ulaya, wakahitaji hesabu ya Kizungu pamoja na yao. Kwa hiyo mafundi wa Ulaya waliwatengenezea saa za mfukoni zenye nyuso mbili, mmoja kwa kila hesabu. Serikali ya Uturuki iliiacha hesabu ya zamani tangu tarehe 1 Januari 1926, na saa zile za nyuso mbili leo hutafutwa sana na wakusanyaji.

Kwetu taabu hiyo haikuwako. Arusha iko kusini ya ikweta kwa digrii tatu na kidogo, na tofauti ya siku ndefu na siku fupi katika mwaka mzima haifiki nusu saa. Basi hesabu yetu na ya Kizungu zimeachana kwa muda wa saa sita, mwaka nenda mwaka rudi. Kwa ajili hiyo hatukuhitaji nyuso mbili. Chukua saa yo yote ya akrabu mbili iliyowekwa kwa hesabu ya Kizungu. Akrabu fupi ikielekea 9, tazama upande uikabilio: hapo pana 3, nayo ni saa tatu ya asubuhi. Ikielekea 1, upande uikabilio pana 7, nayo ni saa saba ya mchana. Akrabu ndefu haina neno, maana dakika ni zile zile. Uso wa saa una sehemu 12, na nusu yake ni 6. Kichwa cha akrabu fupi chasema Kizungu, na mkia wake wasema Kiswahili.

Kwamba jambo hili si mchezo, Unguja ni shahidi. Seyyid Barghash bin Said alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na mbele yake palikuwa na mnara wenye taa na saa. Mwezi wa Agosti 1896 alikufa Seyyid Hamad bin Thuwaini, na Seyyid Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme pasipo idhini ya Waingereza. Waingereza walimwonya atoke kabla ya saa tatu ya asubuhi ya tarehe 27. Katika vitabu vyao imeandikwa 9. Kwa hesabu ya wenyeji ilikuwa 3. Wakati wenyewe ulikuwa mmoja. Zilipopita dakika 2 tu, manowari zilipiga mizinga, na kabla ya saa nne vita vilikuwa vimekwisha. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Mnara ule nao uliharibika, na mwaka 1897 mnara mwingine wa saa ukajengwa pamoja na jumba lenyewe. Sehemu kubwa ya jumba hilo iliporomoka mwezi wa Desemba 2020. Siku ile ya 1896 mtu aliyechanganya hesabu moja na nyingine angeweza kupotewa na roho yake.

Msidhani kwamba Wazungu walikuwa na hesabu moja tangu zamani. Kila mji wa Uingereza ulifuata jua lake. Mji wa Bristol, ulio magharibi ya London, ulikuwa nyuma kwa dakika kama 10. Gari moshi lilipoanza kwenda kwa saa ya London, watu wa Bristol walichelewa safari. Wakatia akrabu mbili za dakika katika saa ya jengo lao la biashara, moja ya Bristol na moja ya London. Hata leo zaonekana. Mwaka 1852 mji ukakubali saa ya London. Naye Sandford Fleming, mhandisi wa reli wa Kanada, alikosa gari moshi nchini Ireland mwaka 1876, kwa kuwa kitabu cha safari kilichanganya saa za asubuhi na za jioni. Tangu hapo akashikilia sana kwamba dunia yapasa kuwa na hesabu moja ya saa 24. Mwaka 1884 wajumbe wa mataifa 25 walikutana Washington, na wengi wao wakakata shauri kwamba digrii zihesabiwe kutoka Greenwich, karibu na London.

Sasa wanafunzi na wachukue kalamu. Dunia yazunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa saa moja, au digrii moja kwa dakika 4. Leo Tanzania, Kenya na Uganda zafuata wakati ulio mbele ya Greenwich kwa saa 3 kamili, nao ni wakati wa digrii 45. Lakini Kimandolu iko karibu na digrii 36 na sehemu 7 za kumi. Tofauti ni digrii 8 na sehemu 3 za kumi. Zidisha kwa 4, utapata dakika 33. Maana yake, saa yako ionyeshapo saa sita ya mchana, jua la Kimandolu bado lataka kama nusu saa kufika katikati ya mbingu. Unguja, iliyo mashariki zaidi, yabakiza dakika kama 23.

Tena saa 3 kamili si jambo la tangu asili. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na Arusha mwaka 1929. Reli, simu na posta zataka wakati mmoja kwa nchi nzima, lakini ni wakati upi? Kwa miaka kadhaa kabla ya uhuru nchi zetu ziliwekwa mbele ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 45, ili saa isiachane mno na jua. Serikali zilibadili zaidi ya mara moja, na raia akageuza akrabu zake kama alivyoambiwa.

Hapa ndipo mkusanyaji apatapo somo lake. Saa za mkono za nyakati nyingi ni za namna tatu. Namna ya kwanza ina nyuso mbili ndogo, au mashine mbili ndani ya kasha moja. Namna ya pili ina pete yenye majina ya miji 24. Aliyeibuni kwa ustadi ni Louis Cottier, fundi wa Geneva, mwaka 1931. Namna ya tatu ina akrabu moja zaidi, izungukayo mara moja tu kwa saa 24. Rolex na Glycine ziliziuza katika miaka ya 1950, wakati marubani walipoanza kuvuka bahari kuu kwa siku moja. Baadhi yake zina pete ya tarakimu 24 nje ya uso. Ukiizungusha pete hiyo kwa kadiri ya saa sita, akrabu ile yakusomea hesabu yetu: asubuhi yaonyesha 1, na jioni yaonyesha 13, yaani saa moja ya usiku.

Lakini angalieni: saa ya Cottier yaruka saa nzima nzima. Wakati ule nchi zetu zilipokuwa katika saa 2 na dakika 45, saa hiyo ya thamani kubwa isingeweza kuonyesha wakati wa Arusha kwa usahihi. Ilijua wakati wa London na New York. Kwetu ilikosea robo saa. Kwa hiyo mwenye busara hatazami dhahabu peke yake. Husoma pete na kuuliza: miji gani imetajwa, nani ameachwa, na saa ilitengenezwa lini? Moscow, kwa mfano, leo iko wakati mmoja na sisi. Lakini kutoka 2011 mpaka 2014 ilikuwa mbele yetu kwa saa moja, pamoja na Dubai. Saa iliyotengenezwa miaka ile yaweza kuonyesha hivyo, na kwa dalili hiyo utajua umri wake.

Arusha yenyewe ni mji wa nyakati nyingi. Mahakama ya mauaji ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufungwa mwisho wa mwaka 2015, ilifanya kazi mjini humo, na majaji wake wa rufani walikuwa na makao The Hague, ambako wakati uko nyuma yetu kwa saa moja au mbili kwa kadiri ya majira. Wageni wa mlima na mbuga hushuka kila siku kutoka nchi za mbali. Nao vijana husoma wakati katika simu za mkononi, na hapo pana hatari. Tarakimu hazina mkia. Mtu asomaye 03:00 katika tiketi ya ndege, akafika saa tatu ya asubuhi, ataambiwa ndege imeondoka muda wa saa sita uliopita, maana iliyoandikwa ni saa tisa ya usiku.

Basi shauri letu ni hili. Mwalimu na aning'inize darasani saa ya akrabu, hata ikiwa kuukuu, awafundishe watoto kichwa na mkia. Na kama mzee wenu ana saa ya zamani sandukuni, msiitupe wala msiiuze kwa haraka. Mwulizeni aliinunua wapi, aliiweka kwa hesabu gani, na aliigeuza serikali ilipobadili wakati. Kisha andikeni majibu yake katika karatasi, mkaiweke pamoja na saa hiyo. Kwa kufanya hivyo mtakuwa wakusanyaji wa kweli, maana saa isiyo na khabari zake ni chuma tu.